Mpishi wa Suna Asiyepika Ugali

Ukitaka kujua ujasiri, nenda Migori ufungue hoteli, kisha uandike mlangoni kwa rangi nyekundu kwamba ugali hakuna. Mpishi alifanya hivyo, na alikuwa na akili zake timamu. Kibao chake kilisema: Chakula cha Kikorea. Bei ya mfukoni. Ugali hakuna. Wapita njia walisimama wakakisoma, wakacheka. Wengine waliingia kwa hasira tu, wapate kumwuliza yeye ni nani hasa. Waliotoka bila kula walikuwa wachache.

Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, pale Suna, humo humo Migori, kwa miaka minne na nusu. Duka langu ni la vitambaa na kushona. Mume wangu alinitoa Mombasa akanileta huku, na watu wa huku wakanipa jina la Mama Nguo, likanishika. Yeye nilimwita mama kwa sababu ya umri, lakini nikimkumbuka leo namkumbuka kwa kazi yake. Sitasimulia alizaliwa wapi wala babake alikuwa nani, maana mwenyewe hakupenda habari hizo. Alikuwa akisema ukoo wake haujawahi kumwoshea hata sufuria moja.

Upishi wa Kikorea aliupata kambini. Kulikuwa na Wakorea waliokuja kujenga barabara, naye akaajiriwa kuwafulia nguo. Alifua huku macho yakiwa kwenye dirisha la jikoni. Mpishi wao, bibi mmoja asiyejua Kiswahili wala Kiingereza, akamwona anavyotazama, akamwita kwa kidole, akamkabidhi kisu na kabichi. Walifanya kazi pamoja miaka mitatu bila lugha. "Nikikosea alikuwa ananipiga mkono na kijiko," aliniambia. "Siku moja na mimi nikampiga. Hapo ndio tulipatana." Barabara ilipokwisha Wakorea wakaenda zao, yeye akabaki Migori na ujuzi ambao hakuna mtu aliyekuwa ameuomba.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo: meza nne, mabenchi, ukuta wa kijani uliochubuka. Ukikaa tu, kabla hujasema neno, vinakuja visahani vitano. Kimoja kina kabichi iliyochachuliwa chunguni, nyekundu kwa pilipili, ambayo Wakorea wanaiita kimchi. Kingine kina matango, kingine viazi, kingine mchicha uliopakwa simsim, kingine omena, wale dagaa wa ziwani. Hivyo vyote ni bure, na vikiisha anajaza tena. Kisha ndipo unaletewa chakula chako, wali wa kuchanganya na mboga na yai juu, au supu ya ngege, yule samaki wa ziwa, inayokutoa jasho mpaka kisogoni.

Siku ya kwanza waliingia mafundi watano wa ujenzi. Wakaona watu watano, visahani vitano, wakafanya hesabu yao. Kila mmoja akavuta kimoja mbele yake, akakikumbatia kwa mkono, akala. Aliyepata viazi akamwonea wivu aliyepata omena. Aliyepata kabichi alikuwa analia machozi na hasemi. Mpishi akatokea na wali akawakuta wamekaa kimya kama watu walioonewa. Akasimama, akawatazama mmoja mmoja. "Hiyo si ya mtu," akasema. "Hiyo ni ya meza. Wekeni katikati." Wakaweka. Nilikuwa nachungulia kutoka mlangoni na nilicheka hadi nikapaliwa, na tangu siku hiyo mafundi wale walikuwa wake.

Omena yake ilileta ugomvi kuliko kitu chochote. Aliikaanga kavu, ikawa inavunjika kinywani, halafu akaitia kitunguu saumu, simsim, na sukari. Naam, sukari. Jaribu kumwambia mtu aliyekulia kandokando ya ziwa kwamba umeweka sukari kwenye omena. Mzee mmoja aliinuka akasema hii ni matusi, akatoka. Wiki iliyofuata alirudi, akakaa meza ya nyuma akiutazama ukuta, akala visahani vitatu vya omena. Mpishi alijaza tu, kila mara akikitua kisahani kwa kishindo kidogo, ili mzee ajue ameonekana.

Kuhusu ugali, niseme ukweli wote. Alikuwa anaula. Kila jioni akishafunga mlango wa mbele, alikaa kwenye kigoda nyuma ya jiko na ugali wa mtama na mboga za kienyeji, anakata matonge makubwa. Siku niliyomfumania nilimwambia, mama, wewe ni mnafiki. Hakushtuka hata kidogo. "Hii ni ya nyumbani, ile ni kazi. Ugali hapa kila mtu anajua kupika kunishinda. Nikiuweka, hakuna mtu ataonja ile ingine. Mimi nawajua watu wangu, Mama Nguo. Ukiwaachia mlango kidogo wanaingia na ugali." Akanimegea tonge, tukala.

Hakuwa mtu mwepesi kuishi naye, wala sitaki nimpake asali. Alikuwa na vijiti vyake virefu vya kupikia, na akikasirika alikuelekezea hivyo vijiti usoni. Aliwakataza wateja kusengenya mezani, kisha anakuja dukani kwangu, anavuta kiti, ananiuliza fulani amerudiana na mumewe au bado. Kanisani aliimba kwaya na kutoa ushuhuda juu ya subira. Siku moja alipeleka pilipili kavu debe zima kwenye mashine ya kusaga unga bila kumwambia mwenye mashine, na familia tatu zilizosaga mahindi baada yake zikapika uji ambao watoto waliukimbia. Walipokuja kumfokea aliwauliza, kwani uji wenyewe ulikuwa na ladha gani hapo awali. Alipigwa marufuku pale, akanunua kinu, akawa anatwanga mwenyewe nyuma ya ukuta wangu. Vitambaa vyangu vyote vilinuka pilipili kwa mwezi.

Lakini nikitaka kumkumbuka kwa haki namkumbuka kwa jambo la nguruwe. Mwanzoni nilisimama mlangoni kwake na buibui langu, harufu ile imenivuta, lakini siingii. Akaniona. "Unaogopa nini?" Nikamwambia siogopi, lakini najua Wakorea wanakula nguruwe, na mimi Mwislamu nguruwe simli, hata nikifa njaa. Alikuwa amempika nguruwe miaka mitatu kambini na sufuria zake zote zilitoka huko. Baada ya siku chache akaniita. Sufuria zilikuwa mpya, visu vipya, ubao mpya, na kwenye kibao cha nje kulikuwa na mstari wa nne: Nguruwe hakuna. "Sasa ingia," akasema. "Na uniambie nyama ninunue kwa mchinjaji gani." Hakuna mtu mwingine Migori aliyewahi kunifanyia hivyo. Mimi mgeni, muuza vitambaa tu, sina hata undugu naye wa mbali.

Alikuja Mkorea mmoja siku moja, kijana wa miradi ya maji, amepotea njia au ameletwa na kibao. Akala polepole. Mwisho akaniomba, kwa Kiingereza, nimwambie mpishi kwamba chakula ni kizuri sana ila si cha Kikorea. Nikafasiri, nikisubiri vijiti viinuke. Mpishi akafuta mikono. "Mwambie ni Kikorea ya Migori. Mwambie kama kwao hawaweki omena ya ziwa, hao ndio wamekosa." Nikamfikishia. Kijana akainamisha kichwa, akafikiri, akasukuma kisahani cha omena kikiwa tupu. Akajaziwa mara nne.

Sasa nifike kwenye vyungu. Nimezunguka kwa sababu hapa ndipo ninapoaibika.

Kabichi yake aliihifadhi kwenye vyungu vikubwa vya udongo, vile vya maji, alivyonunua kwa wafinyanzi wa upande wa Homa Bay. Anaikata, anaitia chumvi, anaipaka pilipili na tangawizi na maji ya omena iliyolala kwenye chumvi, halafu anaifunika ichachuke. Jikoni kwake paa lilikuwa bati tupu, mchana palichemka. Friji ilikufa. Kabichi iliyotakiwa kuchachuka kwa wiki mbili ikawa inaharibika kwa siku tatu. Ndipo akamkumbuka yule bibi wa kambini, alivyokuwa akionyesha ardhi kwa kidole kisha anajikumbatia akitetemeka. Kwao wanavizika vyungu kwa sababu ya theluji. Mpishi akaona kama ardhi inakinga baridi, hata joto itakinga. Akaamua kuvizika uani.

Huku kwetu, mtu akizika chungu nyuma ya biashara yake, watu hawafikirii kabichi. Waluo wana neno, ndagla, yaani dawa inayofukiwa ardhini kumdhuru mtu au kumnyang'anya riziki. Wakuria wana la kwao. Sisi wa pwani tuna letu pia, kwa hiyo simcheki mtu. Jembe, chungu na shimo vikionekana pamoja mapema asubuhi, hadithi inajiandika yenyewe.

Aliyemwona ni mimi. Nilikuwa nafungua mlango wa nyuma kumwaga maji, nikamkuta amepiga magoti, leso kiunoni, mikono yote ndani ya shimo. Nikaona inachekesha. Nikapiga picha kwa simu, nikaituma kwenye kikundi cha wafanyabiashara wa mtaa wetu, ambacho yeye hakuwamo, nikaandika: Jirani yangu anapanda nini saa hizi? Tuombeane. Zikaja zile nyuso za kucheka, ishirini na kitu, na mie nikafurahi. Chai ya saa nne alinieleza habari ya vyungu, kwa furaha, mikono inacheza hewani. Ningeweza kuchukua simu pale pale nikaandika: jamani, ni kabichi. Sikuandika. Sikuwa na nia mbaya, wallahi, lakini pia sikuwa na haraka ya kuharibu utani wangu mwenyewe.

Mwezi haukuisha, mwenye hoteli ya samaki ng'ambo ya barabara akaugua tumbo. Biashara yake ilikuwa imelegea tangu Mpishi afungue. Mtu akaikumbuka ile picha, akaituma kwingine, bila maneno yangu, bila jina langu. Meza nne zikawa mbili, mbili zikawa moja. Wale mafundi walianza kupitia upande wa pili wa barabara. Alinijia dukani akaketi. "Wanasema nimezikia watu dawa," akasema. "Ni nani alipiga hiyo picha?" Nikamwambia sijui. Mkasi ulikuwa mkononi, nikaendelea kukata kitambaa, na nilikikata vibaya.

Halafu akaja mwenye nyumba, mchana wa Jumanne, na mhubiri mwenye kipaza sauti, na nyuma yao nusu ya mtaa. Wakataka kufukua. Mpishi akawazuia langoni mwa ua. "Hakuna mtu atagusa chungu yangu. Mimi nimezika, mimi nitafukua. Na mtu amekuja kuona, ataonja." Akachukua jembe. Hakuomba msaada wala hakulia. Alifukua taratibu, akafuta udongo kwa kiganja, akafungua kifuniko, ile harufu ya saumu ikapanda na watu wakarudi nyuma hatua tatu pamoja na mhubiri wao. Akatia mkono, akatoa kipande, akala. Akatafuna hadi mwisho. Akala kingine. Kisha akanyoosha mkono uliojaa kabichi kuelekea kwa watu. "Mlikuwa mnakula hii kila siku. Wewe. Na wewe. Nani atakula leo?"

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wangu wa nyuma, futi ya kupimia shingoni. Hatua sita tu. Nilikuwa nimeila kabichi ile miaka minne na nusu. Alinitazama. Nilijua kabisa ninachotakiwa kufanya. Niliogopa wateja wangu, niliogopa watu kusema sisi wawili tuko pamoja kwenye dawa, na zaidi niliogopa mtu atauliza mbele yake picha ilipigwa kutoka mlango gani, maana ilikuwa mlango ule ule. Nikatazama chini. Yeye akaurudisha mkono, akaila mwenyewe.

Mwenye nyumba akampa la kuchagua: aondoe vyungu abaki, au aondoke navyo. Mtu mwingine angeondoa vyungu. Angepika chapati, angepika hata huo ugali, na watu wangesahau. Yeye alifuta meza, akateremsha kibao, akapakia vyungu vitatu kwenye pikapu na kuvifungia kwa magodoro, akapanda mbele. Aliniambia kwaheri kwa heshima zote. Nikamwambia Mungu akutangulie, mama. Nikarudi ndani nikakaa kati ya majora yangu, nikajichukia.

Basi mtaa ulipoa, ukasahau. Yule wa samaki alipona, ikaja kujulikana ni vidonda vya tumbo vya miaka mingi. Hakuna aliyemwomba msamaha mtu yeyote. Katika kile chumba aliingia mtu wa kuuza chaja za simu, na ikawa kana kwamba hakujawahi kuwa na chakula cha Kikorea wala kabichi. Mimi ndiye niliyeshindwa kuusahau ule mkono ulionyooshwa. Nilivumilia mwaka na miezi kadhaa, kisha nikafunga duka siku ya kazi, nikaenda Homa Bay, ambako nilisikia amefungua tena.

Sikupata tabu kumpata. Niliuliza sokoni iko wapi hoteli isiyopika ugali, watu watatu wakanionyesha kwa pamoja. Chumba kilikuwa kidogo kuliko kile cha Suna, mlango unatazama barabara, na uwanja mtupu mbele. Kibao kilikuwa kile kile, kimepakwa rangi upya, mistari yote minne. Amekonda, nywele zimeingia mvi, lakini alivyobeba sinia ni vile vile. Aliniona, akasema, "Kaa." Visahani vitano vikaja. Nikala kwanza, kwa sababu nilijua nikisema kwanza huenda nisile tena kwake. Pembeni wavuvi wawili wa kisiwa cha Mfangano walikuwa wanabishana nani kamaliza omena.

Watu walipopungua nikamwambia. Nilisema yote, bila kupamba: picha ni mimi, maneno ni mimi, na siku ile uani nilikuwa na miguu mizima.

Alikusanya visahani, kimoja juu ya kingine. "Ni wewe," akasema. Haikuwa swali. Nilikuwa nimejidanganya kwamba labda alishajua, kwamba watu wazima wanajua mambo. Hakujua. "Mimi nimeombea yule mtu wa samaki mabaya kila Jumapili," akasema. "Mwaka mzima. Nimeimba kwaya na hiyo sala mdomoni. Kumbe ni wewe, ambaye nilitupa sufuria zangu kwa sababu yako." Sauti ilikuwa ya hasira, si ya machozi. Nikasema nisamehe, mama. Akasema, "Hapana. Leo hapana."

Nikainuka kuondoka. Akanifuata hadi nje, kumbe hakuwa ananisindikiza. Ukutani kulikuwa na jembe, na kando yake chungu kipya, kinywa kimefungwa kwa kitambaa. Alinitilia jembe mkononi.

"Hapa uani sina nafasi," akasema. "Naweka hapa mbele. Chimba."

Ilikuwa saa nane mchana, siku ya soko. Nilikunja buibui nikalifunga kiunoni, nikachimba kando ya barabara. Sikuwa nimeshika jembe tangu niolewe na viganja vilianza kuwaka baada ya dakika tano. Watu wakaanza kusimama, kwanza watoto wa shule, halafu wachuuzi. Mama mmoja mwenye beseni la samaki kichwani akauliza kwa Kiluo, kisha aliponitazama vizuri akauliza kwa Kiswahili, mnazika nini hapo.

Mpishi alikunja mikono akaningojea.

Nikasimama wima, jasho linanichuruzika, nikasema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara kwamba tunazika chungu. Kina kabichi. Ni cha huyu mama, na mimi ni mwenzake, natoka Suna, duka la vitambaa, na anayetaka kupiga picha apige, na uso wangu autoe vizuri. Simu mbili zikainuka. Nilizitazama, sikuinamisha macho. Kisha nikafungua kile kitambaa, nikatia mkono, nikatoa kabichi nikala mbele yao, na ilikuwa bado mbichi, kali ya chumvi, na nilimaliza.

Mpishi alisogea, akachungulia ndani ya shimo.

"Fupi," akasema. "Ongeza."

Nikashika jembe, nikaongeza.